Simu zisizo na waya: wakati maneno ya nyumbani yalipita mu redio ya jirani

Kila mara tunapozungumza kwenye antene juu ya frekansi, kuko mutu mwenye kutuuliza: ile simu ya zamani ya nyumba, yenye kuwa na antene ndefu ya kuvuta, ilikuwa simu ao ilikuwa redio? Jibu ni fupi: ilikuwa vyote viwili. Na kwa sababu ilikuwa redio, maneno yenye watu walisema ndani yake yalifika mahali hawakuyatuma.

Mimi niliona ya kwanza Bukavu, mwanzo wa miaka ya 1990. Baba mudogo alirudi Bruxelles na akaleta kombine nyeupe, kubwa kama kiatu, pamoja na kitako chake. Waya ya simu ya nyumba yetu ilikuwa imekatika tangu zamani, basi hakuna mutu angeweza kuita wala kuitwa. Lakini ile masini ilikuwa na kifungo cha kuzungumza kati ya kitako na kombine, bila laini yoyote. Sisi watoto tuliifanya muchezo wetu. Mumoja anabakia mu salon karibu na kitako, mwingine anakimbia mpaka kwenye mulango wa parsele, antene juu, na anapiga kelele: "Unanisikia?" Bila shaka tulisikiana, hata bila simu, kwa sababu ya makelele. Lakini mama mukubwa hakufurahi. Alisema: "Kama nyinyi mnasikiana bila waya, ni nani mwingine anasikia?"

Hatukumujibu. Inchini Marekani wakati ule, mahakimu walikuwa wanajiuliza ulizo lilelile.

Ile simu ilitumika namna gani

Tusichanganye mambo. Simu isiyo na waya ya nyumbani haikuwa simu ya mkononi sawa hizi za leo. Haikujua munara wowote. Waya ya simu ya kawaida iliingia ndani ya nyumba na kufungwa kwenye kitako. Ndani ya kitako kulikuwa redio ndogo yenye kutuma na kupokea. Ndani ya kombine kulikuwa ingine. Kitako kilichukua sauti kutoka kwenye waya na kuitupa hewani, kombine ikaipokea. Ukisema, kombine ikatupa sauti yako, kitako kikaipokea na kuirudisha kwenye waya. Kwa hiyo ilikuwa sawa tu na kukata ule waya wa kujikunjakunja wenye kuunganisha kombine na simu, na kuweka redio mbili pahali pake.

Watu wa kwetu wenye walitumikisha fonia ao talkie-walkie wanaweza kuona tofauti mara moja. Mu fonia, frekansi ni moja. Wewe unasema, mwenzako ananyamaza. Ukimaliza unasema "à vous" na unaachilia kifungo. Mukisema wote wawili kwa wakati mumoja, hakuna mwenye anasikia. Lakini mu simu watu wanakatana maneno, wanacheka pamoja, wanagombana pamoja. Ili hilo liwezekane hewani, inahitajika frekansi mbili: moja ya kwenda, moja ya kurudi, na zikae mbali kidogo ili redio yako isijizibe yenyewe masikio. Njo maana kila simu ya namna ile ilikuwa na namba mbili nyuma yake, mufano 46 na 49.

Mumarekani mumoja, George Sweigert, mwenye kupenda redio, alipewa hati ya uvumbuzi mwaka wa 1969 kwa chombo cha namna hiyo, chenye kuruhusu watu wawili waseme na wasikie kwa wakati uleule. Lakini simu zenyewe ziliingia mu maduka kwa wingi mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980.

Kwa nini antene ilikuwa ndefu, kisha ikapotea

Kuko hesabu moja yenye kila fundi wa antene anaijua, na haiombi masomo makubwa. Chukua 300, gawanya kwa frekansi ya megahertz. Utapata urefu wa wimbi kwa mita. Redio ya FM yenye kuwa kwenye 100 iko na wimbi la mita 3. Antene nzuri inapenda kuwa nusu ya wimbi, ao robo.

Sasa tazama zile simu za kwanza za Marekani. Kitako kilituma kwenye karibu 1.7 megahertz. Gawanya: wimbi la mita zaidi ya 170. Hata robo yake ni mita zaidi ya 40! Nani ataweka antene ya vile juu ya kabati? Wafundi walipata akili: walitumikisha waya za umeme za nyumba kuwa antene. Kitako kilichomekwa kwenye prizi, na sauti ya simu ikatembea kwenye waya zote za kuta, ikatoka hewani kutoka pale. Akili nzuri, lakini fikiria matokeo. Waya za umeme hazikomi kwenye ukuta wako. Na 1.7 megahertz iko juu kidogo tu ya mwisho wa ile laini ya redio yenye tunaita onde moyenne, ile yenye kuishia kwenye 1600. Mutu mwenye alikuwa na redio ya kawaida, akizungusha kifungo mpaka mwisho kabisa, aliweza kukuta jirani yake anazungumza na shemeji juu ya deni. Hakuhitaji chombo cha upelelezi. Redio ya jikoni ilitosha.

Kombine nayo ilituma kwenye karibu 49 megahertz. Wimbi la mita 6, robo yake mita moja na nusu. Njo sababu ya ile antene ya kuvuta, yenye kuvunjika kila siku. Haikufika mita moja na nusu, kwa hiyo haikuwa antene nzuri, na simu ililia "shshsh" mara tu mutu alipotoka kwenye veranda.

Mwaka wa 1984, tume ya Marekani yenye kusimamia mawasiliano, FCC, ilihamisha kitako kutoka 1.7 na kukiweka kwenye 46 megahertz, kombine ikabakia kwenye 49. Kukawa na kanali 10. Nasema kanali 10 kwa inchi nzima yenye watu milioni mamia! Ilikuwa inawezekana tu kwa sababu nguvu ilikuwa ndogo sana na sauti ilikufa kisha mita mia moja ao mia kazaa. Mwanzo wa miaka ya 1990 simu za 900 zikaanza kuonekana, wimbi la sentimeta 33, robo sentimeta 8 tu. Antene ikawa kidole cha mpira. Kisha zikaja za megahertz 2400, na leo, kwenye 1900, robo ya wimbi ni sentimeta 4 na antene imejificha ndani. Watoto wetu wanafikiri simu hazina antene. Ziko nazo, ni mawimbi yamekuwa mafupi.

Ulaya ilifanya kila inchi kwa namna yake. Uingereza ilichukua 1.7 na 47. Ufaransa ikachagua karibu na 26 na 41. Inchi zingine zikakaa kwenye 900 tangu mapema, na kanali 40. Kwa hiyo simu yenye kukubaliwa Paris iliweza kukuletea shida na serikali London. Wasafiri hawakujua, ao walijifanya hawajui, na masanduku yao yalibeba vyombo vyenye kukatazwa kule vilikofika.

Makosa ya miaka ya kwanza

Kosa lenye kuchekesha kidogo: simu nyingi za kwanza hazikuwa na alama yoyote ya kujitambulisha. Kitako kilisikiliza kanali yake, na kombine yoyote yenye kuita kwenye kanali ile ilifunguliwa laini. Maana yake, kijana mwenye kuwa na simu ya namna moja na yako aliweza kupita polepole mbele ya nyumba yako, kusikia mulio wa laini yako, na kuita mbali kabisa. Fakture ikaja kwako. Watu waligombana na kampuni za simu, wakagombana na watoto wao nyumbani, mpaka wakatambua. Kisha viwanda vikaanza kuweka namba ya siri kati ya kitako na kombine, kwanza namba chache tu, kisha maelfu. Kuanzia mwaka wa 1991, sheria ya Marekani ilitaka kila simu mupya ya namna hii iwe nayo. Namba hiyo ililinda laini. Haikulinda maneno. Watu wengi hawakuelewa tofauti hiyo, na wauzaji hawakukimbilia kuifasiria.

Kosa lingine lilikuwa baya zaidi. Mu simu fulani za mwanzo wa miaka ya 1980, kengele ilikuwa imewekwa palepale kwenye sikio. Mutu anaitika, anasahau kugeuza kifungo kutoka "kungojea" kwenda "kusema," anaweka kombine kwenye sikio, na kengele inalia ndani ya sikio lenyewe. Waganga wa masikio wa Marekani waliandika juu ya wagonjwa wenye walipoteza sehemu ya kusikia, wengine milele, kwa sekunde moja tu. Kisha hapo kengele ikahamishwa nyuma ya kombine ao kwenye kitako.

Na tena kulikuwa mambo ya batri. Kombine yenye batri ya kufa iliweza kutoa makelele hewani, kitako kikayafasiria kuwa namba zenye kuitwa. Kwa kuwa namba za kuomba musaada ni fupi, 911 Marekani na 112 Ulaya, ilitokea polisi wagonge mulango wa nyumba yenye watu walikuwa wamelala. Hakuna mutu aliita. Simu iliita yenyewe.

Ni nani mwingine anasikia?

Turudie kwa ulizo la mama mukubwa, kwa maana njo moyo wa habari hii.

Simu za 46 na 49 zilituma sauti wazi, bila kuificha hata kidogo. Na kulikuwa jambo lenye watu wengi hawakulifikiria: kitako kilirudisha hewani sauti ya pande zote mbili. Kwa hiyo mwenye kusikiliza kwenye 46 hakusikia nusu ya mazungumzo tu. Alisikia yote, hata maneno ya yule mwenye kuwa muji mwingine na simu ya waya ya kawaida, mwenye kufikiri yeye yuko salama. Masini ya kutafuta frekansi, yenye kuitwa skana, iliuzwa wazi mu maduka. Hata redio ya kulinda mutoto mudogo kitandani, yenye kutumikisha 49 vilevile, iliweza kukamata mazungumzo ya jirani. Mama anangojea kusikia mutoto akilia. Anasikia bwana wa nyumba ya tatu akiagana na mwanamuke mwenye hakuwa bibi yake.

Sheria ilisema nini? Mwaka wa 1986 Marekani iliandika sheria mupya ya kulinda siri ya mawasiliano ya elektroniki. Ililinda simu za waya na simu za magari zenye kutumikisha minara. Lakini simu ya nyumbani isiyo na waya iliachwa inje, ile sehemu kati ya kombine na kitako. Mawazo yalikuwa haya: ni rahisi sana kuisikia, basi mwenye kuitumia anapaswa kujua kwamba anasikiwa.

Mu jimbo la Iowa, jamaa moja ilikuwa na simu isiyo na waya, na majirani walikuwa na yao. Majirani walisikia kwenye simu yao wenyewe mazungumzo yenye waliyaona kuwa ya mashaka, wakaenda kwa polisi. Waliambiwa waendelee kusikiliza na kunasa sauti. Mwenye kusikilizwa alishitaki. Mwaka wa 1989 tribinali ya rufaa ilisema hakuwa na haki ya kutazamia siri kwa maneno yenye aliyatupa hewani kwa redio. Mwaka uliofuata Tribinali Kubwa ya Marekani ilikataa kuisikiliza kesi hiyo, na hukumu ikabakia. Sheria ilibadilishwa tu mwaka wa 1994, na kutoka hapo simu isiyo na waya ikapewa ulinzi sawa na ile ya waya. Miaka 8 katikati. Fikiria maneno mangapi yalisemwa mu miaka 8 na watu wenye kufunga mulango kwanza ndipo waite.

Mimi naona wale mahakimu walisahau jambo moja. Ni kweli kwamba sauti ilikuwa hewani, lakini mwenye kununua simu hakununua redio mu akili yake. Alinunua simu. Kwenye karatoni iliandikwa simu. Kuko tofauti kati ya mutu mwenye kusimama sokoni na kupaza sauti, na mutu mwenye kusema polepole ndani ya chumba chenye ukuta wa karatasi bila kujua.

Sisi na fonia yetu

Na huku kwetu? Tulikuwa kinyume kabisa. Mu miaka ileile, mu mashariki, simu yetu ya kweli isiyo na waya ilikuwa fonia. Misioni zilikuwa nayo, ndege ndogo zilikuwa nayo, wafanyabiashara, makontwari ya madini, mashirika ya misaada. Masini moja ya kama wati 100, batri ya gari, na waya wenye kutandikwa kati ya miti miwili. Frekansi zake ziko kati ya megahertz 3 na 30, na zinafanya jambo lenye simu ya nyumbani haiwezi: zinapanda juu, zinagonga tabaka la hewa lenye kuchajiwa na jua, na zinarudi chini mbali, kisha milima yote. Bukavu inasema na Shabunda, Goma na Kindu, bila munara hata mumoja katikati. Lakini lazima ujue saa. Muchana jua likiwa kali, frekansi za juu kidogo njo zinatembea; usiku unashuka chini. Muzee fonisti aliyejua kazi yake hakuangalia kitabu. Aliangalia jua, akageuza kifungo.

Fonia haikudanganya mutu. Ulisimama kwenye mustari na watu kumi na tano, ukaingia, ukasema shida zako mbele yao wote, na mbele ya kila fonisti mwenye kuwa wazi kwenye frekansi ile kutoka Uvira mpaka Bunia. Kwa hiyo watu walijifunza luga ya kuzunguka. Feza haikuitwa feza. Mutu mwenye kufa alikuwa kwanza "mugonjwa sana, mukuje haraka," na wale wa ngambo walielewa, wakaanza kulia kabla ya kuambiwa neno lenyewe. Safari ya gari la mizigo haikutajwa siku yake, kwa sababu barabarani kulikuwa masikio. Kila mutu alijua frekansi ni ya wote. Kwa upande huo wazee wetu walikuwa na ujuzi wenye watu wa Iowa walikosa.

Kinshasa, tangu mwaka wa 1986, kulikuwa Telecel, kampuni ya Miko Rwayitare na mwenzake wa Marekani Joseph Gatt, kati ya za kwanza kabisa mu Afrika kuleta simu za kutembea nazo. Zile simu kubwa zilikuwa mukononi mwa wakubwa na wafanyabiashara wenye uwezo. Nazo zilikuwa za namna ya zamani, sauti wazi hewani, kwa hiyo skana ilizisikia sawasawa na zile za nyumbani. Ni GSM tu, na kampuni kama Celtel na Vodacom mwanzo wa miaka ya 2000, njo ilileta sauti yenye kugeuzwa kuwa namba na kufichwa kati ya simu na munara. Kisha munara, hapo ni mambo ya kampuni na ya sheria, si ya redio tena.

Simu za nyumbani vilevile zilibadilika. Ulaya iliweka kanuni moja mwanzo wa miaka ya 1990, yenye kuitwa DECT, kati ya megahertz 1880 na 1900. Sauti inakatwa vipande vidogo vya wakati, watu 12 wanaweza kutumia frekansi moja bila kugongana, na maneno yanafichwa. Lakini mwisho wa mwaka wa 2008, mu mukutano mumoja wa Berlin, watafiti walionyesha kwamba kwa kadi ndogo ya ordinatere yenye bei ya chini waliweza kusikiliza simu nyingi za DECT. Sababu moja ilikuwa ya aibu: viwanda vingine havikuwasha ule ufunguo wa kuficha maneno. Mulango ulikuwa na kufuli, lakini hakuna mutu aliifunga.

Vyombo vya okazyo

Unaweza kuuliza: hayo ni ya zamani, yananihusu nini? Tembea kidogo mu soko ya vitu vya okazyo, Goma, Bukavu, Bunia ao Lubumbashi. Kati ya feri za kupasi na redio za gari utakuta zile kombine nyeupe na nyeusi. Hoteli ndogo zinazinunua, maofisi yanazinunua, na watu wengine wanazifunga kwenye kijisanduku chenye kupokea kadi SIM, ili kuwe simu ya nyumba. Hakuna ubaya. Lakini geuza kwanza, usome nyuma.

Ukikuta 46/49, ujue kila neno liko wazi. Na ujue jambo lingine: redio za VHF za majeshi mengi ya dunia zinatumika kati ya megahertz 30 na 88. Namba 46 na 49 ziko katikati kabisa. Mu eneo lenye vita, sipendi mutu wa raia awe na chombo chenye kutupa sauti pale, hata kama nguvu yake ni ndogo.

Ukikuta 900 ya Marekani, yaani kati ya 902 na 928, hiyo kwao ni nafasi yenye kuruhusiwa bila barua. Kwetu hapana. Simu zetu za GSM zinasema na munara kati ya 890 na 915. Ile kombine inapiga kelele ndani ya sikio la munara. Jirani zako wanalalamika kwamba rezo ni mubaya, na ubaya unatoka kwenye kabati yako.

Zile zenye kuandikwa DECT 6.0 nazo ni za Marekani, zinatumika kati ya 1920 na 1930. Hiyo 6.0 si frekansi, ni jina la biashara tu. Na pale 1920 njo mahali simu zetu za 3G zinaanza kutuma kuelekea munara. DECT ya Ulaya, 1880 mpaka 1900, haigongi hapo.

Kuko na zile zenye kujisifu kufika kilometa 10, 20 ao zaidi, na antene ya kuweka juu ya nyumba. Hizo haziko simu za nyumbani tena, ni redio kubwa zenye kuvaa nguo ya simu. Zinatumikisha wati kazaa pahali pa sehemu ndogo ya wati, na kwenye frekansi zenye viwanda vilichagua bila kuuliza inchi yoyote. Mu inchi yetu frekansi inasimamiwa na Serikali. ARPTC njo mamlaka yenye iliundwa kwa sheria ya mwezi wa 10 mwaka wa 2002 kusimamia kazi hiyo. Redio yetu inaomba ruhusa ili itumie frekansi yake. Mwenye kuweka antene ya kilometa 20 juu ya nyumba naye anapaswa kuuliza.

Mwisho, angalia umeme. Vyombo vya Marekani vinataka volti 120. Kura yetu ni 220. Ile simu ya baba mudogo ilikuja na transfo yake, sanduku zito la chuma, na tuliicheza karibu miaka miwili. Siku moja binamu yangu alichomeka kitako moja kwa moja kwenye prizi. Harufu ilifika mpaka kwa majirani. Baba mudogo aliapa mpaka kufa kwake kwamba ilikuwa simu ya Ubelgiji, na alimulipa mutu wa Bruxelles bei ya Ubelgiji. Miaka mingi kisha hapo nilikuta kombine mu karatoni ya vitabu, antene imevunjika. Nikageuza. Nyuma yake iliandikwa 46/49.